Mteja Akisema "Pedi Inachelewa", Muulize Kwanza Habari za TV Yake

Mnaouza vitu vya umeme vilivyotumika, hii ni yenu kabisa. Wa nguo na vipodozi kaeni pia, maana mteja anayesema kitu ni kibovu wakati ni kizima yuko kila biashara.

Mimi nauza gemu za zamani mtandaoni. Nilianza na makava ya simu, nikaona wauzaji tumekuwa wengi kuliko wanunuzi, nikahamia kwenye PlayStation ya kwanza na ya pili, pedi, memori kadi na CD. Nipo Dar. Nanunua mashine moja moja kwa watu wanaohama nyumba au mabanda ya gemu yanayofungwa, nasafisha, najaribu, napiga picha, natupia status. Wateja wangu wengi ni kina kaka wa miaka thelathini na kitu. Walicheza Tekken 3 bandani wakiwa shule ya msingi, kwa hela waliyopewa ya maandazi. Sasa wana kazi na sebule zao, wanaitaka tena ile raha.

Mwaka jana nikamuuzia kaka mmoja wa Morogoro PS1 ile ndogo nyeupe, pedi mbili na CD ya Tekken 3, 95,000 vyote. Nikaupakia mzigo kwenye basi asubuhi, jioni akaupokea. Saa tatu usiku ukaingia ujumbe wa sauti: "Dada, umeniuzia kanyaboya. Nabonyeza ngumi, Jin ananiangalia kwanza ndiyo anapiga."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana alikuwa ameshaandika maneno hayohayo chini ya tangazo langu, dunia nzima inaona.

Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya tukiogopa kuchafuliwa jina. Nikamwambia arudishe, hela yake namtumia. Gharama ya basi kwenda na kurudi juu yangu, makato ya kutuma hela juu yangu. Mashine ilipofika nikaichomeka kwenye TV yetu ya chogo, nikampa pedi mdogo wangu ambaye ndiye fundi wangu wa majaribio. Akacheza nusu saa. "Sista, hii mbona nzima kabisa?"

Wiki mbili hazijaisha, mteja mwingine, mashine nyingine, malalamiko yaleyale. Huyu alikuwa Tabata, kwa hiyo tukapanda bajaji na mdogo wangu tukaenda kuona wenyewe. Tukakuta TV ya flati, inchi 50, mpya kabisa, bado ina plastiki pembeni. TV yenyewe haina matundu ya zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kwa hiyo alikuwa amenunua kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI. Mdogo wangu akashika pedi, akafungwa na kompyuta mechi mbili mfululizo. Yeye, ambaye mtaani kwetu hakuna anayetaka kucheza naye! Jirani wa yule mteja alikuwa na chogo ya watoto wake. Tukaomba. Mashine ileile, pedi ileile, CD ileile. Ngumi ikatoka palepale alipobonyeza.

Hapo ndipo nilipojua nimerudisha 95,000 kwa kosa la TV ya mtu.

Nieleze jinsi inavyokuwa, kwa sababu ukishaelewa hutababaika mteja akikubana. TV ya chogo haina akili. Picha inavyoingia kwenye waya, inaichora hapohapo, mstari kwa mstari, haingojei kitu. TV ya flati inapokea picha nzima, inaiweka, inaikuza ienee kioo chake kikubwa, inaisafisha, inalainisha mwendo, halafu ndiyo inakuonyesha. Picha ya PS1 ni ndogo mno kwa kioo cha inchi 50, kwa hiyo kazi ya kuikuza ni kubwa. Na kile kiboksi nacho kina kazi yake ya kukuza kabla hata picha haijafika kwenye TV. Kila mmoja anachukua muda wake kidogo, na mteja wako analipa jumla.

Muda wenyewe ni wa milisekunde, na zipo TV zinazovuka 100. Unaweza kusema moja ya kumi ya sekunde ni nini bwana. Kwa filamu ni bure kabisa, maana TV inachelewesha picha na sauti pamoja, hakuna anayejua. Ndiyo maana mteja atakwambia kwa uhakika wote, "TV yangu mpya, muvi zinaonekana safi." Anasema kweli. Ila kwenye gemu ya kupigana, mtu akiona teke linakuja, macho na dole gumba vyake vyenyewe vinataka kama robo ya sekunde kujibu. Ongeza hapo moja ya kumi, basi anakinga wakati teke limeshampata.

Tulipima. Simu ya mdogo wangu inarekodi video ya mwendo wa pole, picha 240 kwa sekunde. Unaweka simu mahali itakapoona dole gumba na kioo cha TV kwa pamoja, unabonyeza ngumi mara tano sita, halafu unarudia video picha kwa picha, unahesabu tangu dole lishuke mpaka mkono wa mpiganaji uanze kusogea. Kati ya ile chogo na ile flati tulipata tofauti ya picha 26 za video, yaani milisekunde 108 hivi. Kwa muda huo gemu yenyewe imeshatoa picha tano au sita. Kama simu yako inarekodi 120 tu, inatosha, na hata video ya kawaida itaonyesha kama kuchelewa ni kukubwa. Video hiyo usiifute. Ni ushahidi, na ni tangazo pia.

Pale Tabata hatukuondoka hivihivi. Tukaingia kwenye menyu ya picha ya ile TV, tukatafuta palipoandikwa Game, tukawasha. Mambo yote ya kulainisha mwendo na kuongeza ung'avu tukazima. Tukapima tena, tofauti ikashuka kutoka picha 26 hadi 11. Haikuwa sawa na chogo, lakini mdogo wangu akaanza kushinda. Angalizo: TV nyingi zinakumbuka mpangilio huo kwa kila tundu peke yake. Mteja akiwasha Game kwenye HDMI 1, kesho akachomeka HDMI 2, atakupigia tena. Na kama TV yake ya flati bado ina matundu ya AV, mwambie ajaribu kuchomeka moja kwa moja bila kiboksi, alinganishe.

Sasa, si kila "inachelewa" ni TV. Nimejifunza kuuliza swali moja: inachelewa kila mara kwa kiasi kilekile, au mara inakubali mara inakataa? Ikiwa ni kila mara, kiasi kilekile, hiyo ni TV au kiboksi, na wakati mwingine pedi zisizo na waya za bei rahisi. Ikiwa inakubali leo inakataa kesho, au mpaka ubonyeze kwa nguvu, hiyo ni pedi. Zile raba nyeusi za ndani zimelika au zina uchafu, na hiyo ni juu yako wewe muuzaji, badilisha bila kubishana. Gemu ikiganda kabisa kwa sekunde kadhaa huku CD inakwaruza, hiyo ni lenzi au CD. Mteja atayaita yote matatu "slow". Usikubali neno hilo peke yake, omba video.

Kuna na la CD zenyewe. Matoleo ya Ulaya yanatoa picha 50 kwa sekunde, ya Marekani na Japani karibu 60. Gemu nyingi za zamani zilihamishwa hivyohivyo, kwa hiyo toleo la Ulaya linakwenda na mwendo mzito kidogo. Andika kwenye tangazo unauza toleo gani. Anayejua atakuheshimu.

Halafu kuna kuchelewa ambako si kosa la kifaa chochote, na hapa mimi mwenyewe niliumbuka. Niliona siwezi kuuza kitu nisichokijua, nikakaa na Tekken 3 wiki nzima usiku baada ya kufunga mizigo. Utotoni nilijua kitu kimoja tu, kumchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, na kubonyeza mateke ovyo. Ukitoka hapo gemu inakuwa ngeni. Kila kitufe ni kiungo kimoja cha mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Mraba na msalaba kwa pamoja ni kumkamata mtu. Kukinga hakuna kitufe chake, unarudi nyuma tu. Na ukigusa juu kidogo kisha ukaachia, mpiganaji anakwepa pembeni, lakini ukishikilia anaruka. Nililalamika siku mbili kwamba pedi inanirusha bila kuniuliza. Kumbe dole langu ndilo lilikuwa zito.

Jambo lingine ni hili. Kila pigo lina mwanzo wake na mwisho wake. Ile ngumi kubwa ya Paul ukiitoa ikakosa, anabaki amejiacha wazi, na hata ubonyeze vitufe vyote hatakusikia mpaka amalize. Mtu aliyezoea gemu za simu anaita hiyo nayo kuchelewa. Huyo namwambia aingie Practice, achague pigo moja dogo, labda ngumi ya kushoto, alipige peke yake mara ishirini. Kama dogo linatoka vizuri na kubwa linachelewa, mashine ni nzima, gemu ndivyo ilivyotengenezwa mwaka 1998. Wengi baada ya siku tatu nne dole linazoea na wanaacha kunitafuta.

Kuhusu namna ya kuongea naye, jamani, usimwambie mteja TV yake ni mbovu. Ameinunua kwa jasho, ameitundika ukutani, na mke wake anasikia simu. Mimi nasema: "Boss, TV yako ni ya kisasa kuliko mashine yenyewe, kuna sehemu ya kuwasha ili zielewane, nipe dakika tano nikuelekeze." Halafu namtumia video ya kule Tabata.

Na siku hizi kabla sijapokea hata shilingi nauliza mambo mawili: TV yako ni chogo au flati, na ina matundu ya waya tatu? Kwenye tangazo naandika wazi kwamba kwenye flati bila kuwasha Game pedi itaonekana kuchelewa. Mwanzoni niliogopa nitafukuza wateja. Wachache wameondoka, sikatai. Ila tangu nianze kuuliza, mzigo uliorudi ni mmoja tu, na huo kweli ulikuwa na pedi mbovu.

Yule kaka wa Morogoro nilimtumia ile video, bila maneno mengi. Akakaa kimya siku mbili, halafu akaandika, "Dada, ile mashine yangu bado ipo?" Haikuwepo. Nilikuwa nimeshaiuza kwa mtu wa banda Mbagala mwenye chogo tatu. Nikamtafutia nyingine, hii ikawa 105,000 kwa sababu na mimi niliinunua ghali, akalipa bila kuomba punguzo. Ile komenti yake ya kanyaboya hajaifuta mpaka leo. Chini yake ameongeza, "Ilikuwa TV."