Gesi ya kupimiwa yaingia soko la mkaa wa kopo

Katika masoko ya Dar es Salaam mkaa huuzwa kwa gunia, kwa debe na kwa kopo. Mwenye kipato cha kutwa hununua kopo, ingawa kwa kipimo hicho kila kilo humgharimu zaidi. Gesi ya mtungi ilimshinda kwa sababu ilimtaka alipie mtungi mzima kwa mara moja.

Mita inayowasiliana kwa intaneti ya simu imebadili hesabu hiyo. Hufungwa kwenye kichwa cha mtungi. Mteja hulipa kwa simu kiasi alichonacho, mita hufungua gesi ya thamani hiyo, na fedha zikiisha hufunga. Muuzaji naye huona kwenye kompyuta mtungi unaokaribia kwisha, akapeleka mwingine mapema. Teknolojia ya namna hii ya KopaGas, kampuni ya Tanzania, ilinunuliwa mwaka 2020 na Circle Gas ya Uingereza kwa dola milioni 25 za Marekani.

Kwa misitu faida ni wazi: gesi hii, japo hutokana na mafuta, haihitaji mti ukatwe. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Hata hivyo, mkaa haujatoka jikoni. Kaya nyingi huchemsha maharage kwa mkaa, gesi ikabaki ya chai na mboga. Mlaji anashauriwa kulinganisha gharama ya chungu kimoja hadi kiive, si bei ya kopo peke yake.