Bisi za Samli, Utamu wa Nyumbani

Viko vyakula ambavyo mtu hula akashiba, akavisahau kabla ya jua kuchwa. Viko na vingine visivyomtoka moyoni hata akiwa mzee, hata akiishi mbali na kwao. Kwa watu wengi wa bonde la Ruzizi, bisi ni katika hivyo vya pili. Tukisema bisi, twasema mahindi makavu yaliyokaangwa juu ya moto mpaka yakanukia, ama yamepasuka ama yamebaki punje nzima. Harufu yake ikitoka jikoni, watoto huacha mchezo wao bila kuitwa.

Msafiri atokaye Uvira kwa barabara iendayo Bukavu hupita Kiliba, Sange na Luberizi kabla ya kufika Bwegera. Njiani huona mashamba ya mahindi, mihogo, mpunga na karanga. Magharibi yake inasimama milima; mashariki mto Ruzizi unateremka kutoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Burundi. Juu kabisa ya ile milima ziko nyanda za Itombwe, nchi ya ng'ombe, na wakati wa kiangazi wafugaji wengine huteremsha makundi yao bondeni kutafuta majani. Basi hapa mahindi ya mkulima na maziwa ya mfugaji hukutana. Yakikutana ndani ya kikaango kimoja, huzaa kitu kitamu sana, nacho ndicho tunachotaka kuwaeleza wasomaji wetu leo: bisi za samli.

Bisi si chakula kipya

Asidhani mtu kwamba nafaka ya kukaanga ni mchezo wa watoto tu. Katika Kitabu cha Ruthu twasoma jinsi Boazi alivyompa yule mjane mgeni nafaka iliyokaangwa wakati wa mavuno, akala akashiba hata akasaza. Tena Yese wa Betlehemu alimtuma mwanawe Daudi kuwapelekea kaka zake vitani nafaka ya namna hiyo. Katika tafsiri moja ya Kiswahili iliyoenea, jina la chakula hicho ni bisi. Nafaka ile haikuwa mahindi, kwa maana mahindi yalikuwa hayajajulikana huku. Ilikuwa ngano au shayiri. Lakini kazi yake ilikuwa ileile: kumshibisha mvunaji shambani na askari safarini.

Mahindi yalianza kulimwa katika nchi ya Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita. Huko Peru wachimbaji wa mambo ya kale wameona mabaki ya bisi za mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Yalifika Afrika baada ya mwaka 1500, kwa merikebu za Wareno. Kabla ya hapo wazee wetu walikaanga mtama na ulezi katika vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mahindi yalipokuja, yalikuta kigae kiko tayari juu ya mafiga.

Kwa nini mahindi mengine hupasuka

Mwanafunzi mwenye akili huuliza kwa nini mahindi ya aina moja hupasuka na kugeuka maua meupe, na mengine hubaki punje zile zile. Sababu ni ganda. Ndani ya kila punje mna maji kidogo. Katika mahindi ya bisi maji hayo ni kama sehemu 14 katika 100, na ganda lake ni gumu, halipitishi mvuke. Moto ukifikia yapata nyuzi 180, maji yamegeuka mvuke, nao unasukuma kwa nguvu iliyo kama mara 9 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Ganda hushindwa, hupasuka kwa kishindo, na wanga uliolainika ndani hufura kama povu na kuganda papo hapo. Mahindi yetu ya kawaida, yale ya kusagwa unga, ganda lake huvujisha mvuke mapema. Kwa hiyo hupasuka nusu au hukauka tu. Yasidharauliwe kwa ajili hiyo. Yakikaangwa vema huwa na ladha nzito kuliko yale yanayopasuka.

Kwanza, chagua punje

Hapa twaomba akina mama, na watoto wa shule pia, watusikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili ni kubwa kuliko utamu.

Katika nyumba nyingi mahindi mazuri hupelekwa kinuni au sokoni, na yaliyobaki chini ya gunia, yenye doa, yenye harufu ya ukungu, hukusanywa yakakaangiwa watoto. Mtu husema, "Yatie motoni, moto utayasafisha." Maneno hayo si kweli. Moto hubadilisha rangi ya punje, na samli hufunika harufu yake, lakini sumu ya ukungu hukaa palepale. Moto huficha, hautakasi.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Jambo lile halikuishia kwa ndege. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwaugusha watu 317, na katika hao 125 wakafa. Sumu hii huharibu ini. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kumletea saratani ya ini. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, wala kutengeneza pombe hakuiondoi.

Basi, kabla ya kuwasha moto, yamwage mahindi juu ya ungo penye mwanga, uyachambue punje kwa punje. Toa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, na zote zenye rangi ya kijani, ya kijivu au nyeusi. Karanga nazo zifanyiwe vivyo hivyo. Mtoto akiuliza, "Mama, mbona unayatupa mahindi?" ajibiwe wazi, "Haya ni sumu, mwanangu," ili naye akue akijua. Zile mbovu zifukiwe shimoni. Wasipewe kuku wala ng'ombe, kwa sababu ng'ombe aliyekula sumu hiyo huitoa katika maziwa, na maziwa hayo yatarudi mezani kwako. Tena, mahindi ukiyaona yamenuka ukungu gunia zima, kuchambua hakutoshi; usiyale.

Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani zisikaangwe kamwe, hata zikioshwa mara kumi. Huko Iraki, katika miaka ya 1971 na 1972, watu zaidi ya 400 walifia hospitalini kwa kula nafaka ya mbegu iliyotiwa dawa.

Iko njia rahisi ya kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha kuwekwa ghalani. Twaa chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa. Tia mahindi hata theluthi ya chupa, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, uifunge, uitikise kwa dakika moja, kisha uiache dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana unyevu bado. Yaanikwe tena juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu. Chumvi isipogandama, yaweza kuwekwa ghalani.

Pili, tengeneza samli

Siagi ya kienyeji hupatikana kwa kusukasuka maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu kikubwa, ambacho ng'ambo ya mto huitwa igisabo. Siagi hiyo, kama ile ya dukani, ina maji na chembe za maziwa ndani yake. Chembe hizo huungua upesi, zikaacha uchungu. Ndiyo maana mtu akikaanga mahindi kwa siagi tangu mwanzo, hupata bisi nyeusi zenye moshi.

Dawa yake ni kuigeuza samli. Itie siagi katika sufuria juu ya moto mdogo. Itayeyuka, itatoa povu, nayo itanguruma maji yakitoka. Usiiache peke yake. Mngurumo ukitulia, chembe zikishuka chini na kuwa na rangi ya dhahabu, iepue na kuichuja kwa kitambaa safi. Samli ikifunikwa vizuri hukaa siku nyingi kuliko siagi.

Twajua kwamba siku hizi samli si rahisi kupatikana, na kwamba wafugaji wengi wamepoteza ng'ombe wao katika vita vya miaka hii. Asiye na samli atumie mawese mapya kidogo. Bisi zake zitakuwa nyekundu, ladha yake nyingine, lakini hazitamtia aibu mbele ya wageni.

Tatu, kaanga

Kwa mahindi ya kawaida, pima vikombe 2 vya punje zilizochambuliwa. Zilaze usiku katika maji yenye kijiko kimoja cha chumvi. Hivyo hazitakuwa ngumu kama changarawe. Asubuhi yamwage maji, zitandaze punje juu ya kitambaa mpaka zikauke nje kabisa. Punje yenye maji ikikutana na mafuta ya moto hurusha cheche zinazochoma mkono na macho.

Weka kikaango kizito, au chungu cha udongo, juu ya mbabula, makaa yawe yamekolea wala yasitoe ndimi za moto. Zitie punje bila mafuta, uzigeuze kwa mwiko bila kupumzika. Kazi hii huchukua nusu saa au zaidi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu: moto ukiwa mkali, nje huungua na ndani hubaki bichi. Punje zikianza kupasukapasuka na kuwa na rangi ya udongo mwekundu, ongeza kikombe kimoja cha karanga, uendelee kugeuza mpaka maganda ya karanga yalegee. Hapo tu ndipo utie vijiko 2 vya samli na chumvi kidogo. Geuza dakika 1 au 2, kisha epua. Yeyote apitaye njiani atajua mnakula nini.

Kwa mahindi ya kupasuka, tumia sufuria yenye kifuniko. Pasha moto vijiko 3 vya samli au mafuta, tia punje 2 za kujaribia. Zikipasuka, mimina nusu kikombe cha punje, funika, utikise sufuria mara kwa mara. Milio ikipungua hata ukaweza kuhesabu tatu kati ya mmoja na mwingine, epua. Nyunyiza chumvi na samli iliyoyeyushwa. Sufuria isijazwe, kwa kuwa punje hizi hufura mara nyingi kuliko ukubwa wake wa kwanza.

Bisi za kuwekwa akiba zipoe kabisa kabla ya kufungiwa katika kopo kavu; zikifungwa zikiwa na joto hulainika. Watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe bisi wala karanga nzima, kwa sababu huweza kuwapalia na kuziba pumzi. Wao watwangiwe zile za mahindi ya kawaida na karanga mpaka ziwe unga laini, wakorogewe uji. Wazee wasio na meno nao huupenda sana uji huo.

Harufu iendayo mbali

Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya watu wa bonde la Ruzizi walivuka mto kukimbilia Burundi, na mwezi wa Desemba mwaka uleule wengine wengi wakavuka tena. Mtu akimbiaye hawezi kuchukua ghala lake, lakini ujuzi wa mikono yake huenda naye. Twawaambia walio huko makambini, ambako mahindi hukaa chini ya turubai lenye joto na unyevu: jambo la kuchambua punje lawahusu ninyi kuliko wote. Punje chache safi ni chakula. Sahani iliyojaa punje za ukungu si chakula, ijapokuwa tumbo la mtoto linalia. Haya ni maneno magumu kwa mwenye njaa, nasi twajua. Lakini afadhali yasemwe jikoni kabla hayajasemwa hospitalini.

Nao walio katika miji ya mbali, Ulaya au Marekani, ambako mahindi ya bisi na siagi huuzwa dukani, wasingoje safari ya kurudi ili waonje kwao. Wayeyushe siagi yao, wawaite watoto waliozaliwa ugenini, wawaonyeshe kwa nini punje hupasuka, na wawasimulie habari za mto, milima na ng'ombe.

Mtoto hukumbuka alichokula, na hukumbuka pia jinsi alivyopewa. Aliyekaangiwa punje zilizochaguliwa kwanza, kwa mikono isiyo na haraka, amejifunza kwamba yeye si wa kulishwa masalio. Basi, akina mama na akina baba, jioni ya leo chukueni ungo kabla ya kikaango.