KAMERA INAYOONA KULIKO JICHO

Jicho lako ni zuri, lakini haliweki akiba. Ukiishazoea giza, hata ukiikodolea nyota hafifu saa nzima, haiongezeki kung'aa. Kamera ni tofauti. Kamera inaweka akiba ya mwanga.

Fikiri kisima cha mchangani wakati wa kiangazi. Ukichota mara moja, hupati hata kikombe. Ukisubiri, maji yanajikusanya kidogo kidogo, mwisho unajaza ndoo. Kamera nayo hukusanya mwanga hivyo hivyo.

Viwingu visivyo vya mvua

Mwezi Oktoba au Novemba, usiku usio na mbalamwezi, toka Utemini, mjini Singida, uende kijijini mbali na taa. Kaa gizani dakika 20. Kwenye saa tano usiku tazama kaskazini. Utaona alama hafifu kama moshi. Hiyo inaitwa Andromeda. Sasa geuka kusini. Chini kidogo kuna kiwingu kingine. Hicho ni Wingu Dogo la Magellan.

Viwingu hivyo haviendi na upepo. Kila kimoja ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota. Jua letu nalo ni nyota moja tu katika galaksi yetu, ile tunayoiona kama mkanda mweupe angani. Mwanga wa kile cha kusini umesafiri miaka kama 200,000 kutufikia. Mwanga wa Andromeda umesafiri miaka kama 2,500,000.

Mtu aliyeko Uingereza hakioni kabisa kile cha kusini. Sisi tulio karibu na Ikweta tunaviona vyote viwili usiku mmoja.

Zamani wataalamu walibishana: Je, Andromeda iko ndani ya galaksi yetu au nje? Mwaka 1923, huko Marekani, Edwin Hubble aliipiga picha kwa darubini kubwa ya Mount Wilson. Katika picha aliona nyota inayong'aa na kufifia kwa zamu. Kwa nyota hiyo alipima umbali, akaonyesha kwamba Andromeda iko nje, tena mbali sana.

Vifaa vinavyotakiwa

1. Darubini. Sufuria ya mdomo mpana hukinga maji ya mvua mengi kuliko chupa. Darubini ya kioo kipana nayo hukinga mwanga mwingi kuliko jicho.

2. Kamera ya dukani iliyobadilishwa. Ndani yake kuna kioo chembamba kinachozuia mwanga mwekundu sana. Lakini hewa ya haidrojeni iliyomo katika galaksi hutoa mwanga huo huo. Basi, fundi hukiondoa kioo hicho. Baada ya hapo picha za mchana hutoka nyekundu-nyekundu. Usiifungue mwenyewe, utaiharibu.

3. Stendi yenye mota. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaonekana kusogea. Mota huigeuza darubini polepole ili izifuate. Bila hiyo, nyota hutoka kama mistari.

Mpiga picha huacha kamera wazi, tuseme dakika 2. Akipiga picha 60 amekusanya mwanga wa saa 2. Kompyuta huzipanga picha zote pamoja. Chenga zinapungua, galaksi inajitokeza.

Giza nalo ni mali

Kazi hii ni ngumu zaidi penye taa nyingi. Katika miji mikubwa viwingu hivi havionekani tena. Vijijini bado tunavyo.

Umeme ni maendeleo, na taa tunazihitaji. Lakini taa inayomulika juu inapoteza umeme, maana angani hakuna anayepita. Taa iwekewe kofia, imulike chini. Njia itaonekana vizuri, na anga itabaki na giza lake.

Tena, mtu anayesimama porini usiku na darubini anaweza kushukiwa ubaya. Aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, aeleze kazi yake. Nanyi wanakijiji, mwombeni awaonyeshe na watoto.

ONYO: Usitazame jua kwa darubini hata mara moja. Utapofuka.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kamera inaona vitu ambavyo jicho halivioni?
2. Taa za kijijini kwenu zinamulika wapi?
3. Wazee wenu waliviitaje viwingu hivi? Andikeni majina hayo yasipotee.