Harrow hadi Nairobi: umbali unaobadilika

Kwa wakazi wengi wa Harrow, kaskazini-magharibi mwa London, umbali wa kwenda Nairobi si swali la darasani. Hapa wamelowea watu wengi wa asili ya Kiasia ambao familia zao ziliondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, au zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Wengi wangali na ndugu huko.

Jibu la vitabuni ni fupi. Kutoka uwanja wa Heathrow, ulio kilomita zipatazo 15 kutoka Harrow, hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, ni kilomita 6,840 hivi. Mwingine atasema ni maili 4,250, na rubani atasema 3,690. Hakuna aliyekosea: marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, ilhali maili ya nchi kavu ni mita 1,609.

Hesabu hiyo ni sawa na kuvuta uzi juu ya tufe la dunia, London hadi Nairobi, pasipo kuulegeza. Uzi utapita juu ya milima ya Alps na Bahari ya Mediterania. Nusu ya safari utakuwa jangwani, mashariki mwa Libya. Kisha utaingia Sudan na kupita karibu na mji wa El Obeid kabla ya kuelekea Kenya.

Hapo ndipo penye taabu.

Anga yenye vita

Mwaka 2014 mapigano yaliuteketeza uwanja wa kimataifa wa Tripoli, na mashirika ya ndege ya Ulaya yakaikwepa anga ya Libya. Sudan nayo iliifunga anga yake vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Njia fupi ikawa njia ya kwenye karatasi tu.

Ndege inayokwepa nchi hizo mbili yaweza kupitia Misri, Bahari ya Sham na Ethiopia. Ukipima London hadi Cairo, kisha Jeddah, Addis Ababa na Nairobi, utapata kama kilomita 7,300. Nyongeza ni karibu kilomita 460, yaani nusu saa na zaidi kidogo kwa ndege iendayo kilomita 850 kwa saa.

Kwa abiria nusu saa si kitu. Kwa shirika la ndege ni mafuta ya ziada kila safari, na ndege iliyosheheni mafuta huenda ikalazimika kupunguza shehena. Katika safari ya kurudi London, shehena hiyo mara nyingi ni maua na mboga za mkulima wa Kenya.

Naye mkazi wa Harrow anayepigiwa simu usiku kuambiwa kuna msiba hazihesabu kilomita. Mazishi ya Waislamu na ya Wahindu hayangoji. Huuliza kwanza ndege inayofuata inaondoka saa ngapi.