"Mambo?" Arafa iliyowafikia wagonjwa wa Kajiado

Huenda unaishi Kitengela na mamako mzazi yuko Illasit, kule mpakani chini ya Mlima Kilimanjaro. Ana presha. Humeza dawa akijisikia vibaya, akipata nafuu huziweka kando. Hajui kwamba presha inaweza kupanda bila maumivu yoyote, hadi kiharusi kimwangushe. Daktari humwona dakika chache kwa mwezi. Siku nyingine zote yuko peke yake na ugonjwa wake.

Huko Marekani, Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha mafunzo ya majuma sita ya kuwasaidia wagonjwa wa aina hii kujitunza. Baadaye yakaingizwa kwenye intaneti.

Lakini usidhani haya ni mambo ya wenye kompyuta pekee. Kati ya 2007 na 2008, kliniki tatu nchini Kenya, mojawapo ya Kajiado, zilijaribu mpango wa WelTel kwa watu walioanza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Kila juma muuguzi alimtumia mgonjwa arafa: "Mambo?" Naye alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu. Aliyenyamaza pia alipigiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la Lancet. Kati ya wagonjwa 273 waliotumiwa arafa, 168 walisema walimeza dawa ipasavyo. Kati ya 265 ambao hawakutumiwa, ni 132. Si muujiza, lakini kwa gharama ya arafa, si haba!

Kwa maoni yangu, kilichofaa si simu bali yule muuguzi. Arafa isiyo na mtu nyuma yake mgonjwa ataipuuza kama matangazo ya bahati nasibu.

Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Walipewa simu pia, za kunakili habari za kila boma. Simu hizo zingeweza vilevile kumuuliza mgonjwa "Mambo?" kila juma.

Mpigie mama umuulize kama amemeza dawa. Akisema shida, je, unayo nambari ya mhudumu wa kijiji chao?