Mkopo wa Chuo: Hesabu Inayoanzia kwenye Mshahara

Kijana akichaguliwa chuo kikuu, familia nyingi za Tanzania huuliza kwanza: ada ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la haki, ila linaacha nje sehemu kubwa ya gharama. Katika vyuo vya umma, ada ya kozi nyingi za shahada huwa kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi huziita "boom", zilipandishwa na Serikali kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Kwa wiki 34 za masomo, hiyo ni shilingi 2,380,000. Kula na kulala kunazidi ada, na mwanafunzi aliyelipiwa ada yote bado anaweza kukwama kwa kodi ya chumba.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, umegawanywa katika mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji ya kitivo. Mwombaji hupimwa uhitaji wake, hivyo wengi hupata sehemu tu. Tena majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, na chuo hakisubiri. Mzazi anayetegemea mkopo bado anahitaji fedha taslimu za wiki za mwanzo.

Sehemu inayozungumzwa kidogo mno nyumbani ni marejesho. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, badala ya asilimia 8 ya awali. Chukua mhitimu anayedaiwa shilingi milioni 12 na kulipwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Atakatwa 105,000 kila mwezi, na deni litamalizika baada ya miaka tisa na nusu hivi. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ingemwongezea mhitimu huyu shilingi 720,000 mwaka wa kwanza, yaani 60,000 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya makato yake ingekwenda kwenye tozo. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza ifutwe, na kwa maoni yangu hakuna uamuzi uliowapa wanufaika nafuu kubwa kuliko huo.

Makato hayo yana uzito mwingine. Mtumishi wa umma anatakiwa kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Mwenye makato ya Bodi, ya hifadhi ya jamii, ya bima na ya kodi hubakiwa na nafasi ndogo ya kukopa benki ajenge au anunue kiwanja. Hili kijana alijue kabla ya kusaini.

Hata hivyo, nikilinganisha njia zilizopo, naona mkopo wa Bodi utangulie. Fedha za vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA au SACCOS, huanza kurejeshwa wakati mtoto bado yuko darasani, na anayelipa ni mama yake kwa faida ya genge lake. Kuuza shamba ni hatari zaidi, kwa kuwa shamba hilo ndilo linalowalisha wadogo zake. Michango ya ukoo ni bora kuliko njia hizo mbili. Inauma kuona kamati ya harusi ikikusanya mamilioni kwa usiku mmoja, huku kijana wa ukoo huohuo akikosa nauli ya kwenda kuripoti chuoni.

Mzazi, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, hakiki cheti cha kuzaliwa cha mwanao kwa wakala wa usajili, RITA, kisha kaeni pamoja mwandike gharama za miaka yote mitatu au minne, si za mwaka wa kwanza pekee. Pengo litakalobaki baada ya mkopo lipelekeni kwenye kikao cha ukoo mapema, kabla mtu hajatafuta mnunuzi wa shamba.