Mstari Uliopinda: Adabu ya Kumsahihisha Anayejifunza Kuchora



Wapenzi wasomaji wetu, likizo ya shule inapoingia, nyumba zetu nyingi hugeuka kuwa madarasa madogo. Asubuhi watoto huenda chuoni kusoma Qur'ani. Jioni, baada ya sala ya alasiri, mabinti hukaa ukumbini na madaftari yao wakijifunza kuchora. Wengi wao hujifunza kwa ajili ya hina, kwani Idi haiko mbali na harusi hazikatiki. Mara binti huinuka na karatasi yake, akaja nayo hadi jikoni, akasema, "Mama, tazama." Nasi, mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko, humjibu bila ya kugeuza shingo: "Mashallah, nzuri sana." Binti hurudi ukumbini. Amesifiwa, lakini kazi yake haikutazamwa, wala hakufundishwa kitu.

Juma hili tumependa kuzungumza juu ya jibu hilo, na juu ya lile lililo kinyume chake, kwani yote mawili tumeyatoa sisi wenyewe, na yote mawili yametugharimu.

Katika nyumba yetu walikuwako mabinti wawili, mtu na binamu yake, walioanza kujifunza kuchora hina wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa na mkono mwepesi, na kila karatasi aliyoileta tuliisifu. Wa pili mistari yake ilikuwa ikitetemeka. Siku moja mtu mzima miongoni mwetu aliiinua karatasi yake mbele ya wageni, akauliza kwa mzaha kama kuku alikuwa amepita juu yake. Ukumbi mzima ulicheka. Binti naye alicheka. Tangu siku hiyo hatukumwona tena na penseli.

Yule wa kwanza aliendelea. Miezi michache baadaye, katika harusi ya jamaa yetu, mchoraji alielemewa na kazi, nasi tukamtoa binti yetu kwa fahari ili amchore bibi harusi mkono wa kushoto. Mistari mirefu ya kutoka kifundoni hadi vidoleni ilipinda, na maua yakawa makubwa kuliko yale ya mkono wa kulia. Hina ikishashika haitoki kwa sabuni. Bibi harusi alikaa na mkono ule siku zote za sherehe yake, akiuficha chini ya leso kila alipojiwa na wageni. Usiku ule binti yetu alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Kwa nini hamkuniambia?"

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini binti yule hakutia maji kwa kiburi. Hakupata mtu wa kumwambia kwamba lina maji. Basi mmoja tulimvunja kwa ukali wetu, na mwingine tukamwangusha kwa upole wetu. Wote wawili walikuwa wametuletea karatasi ili itazamwe.

Zoezi na makosa yake

Anayeanza kuchora hapewi ua. Hupewa mstari. Nukta mbili huwekwa kwenye karatasi, baina yao shubiri moja, naye huambiwa aziunganishe kwa mwendo mmoja. Ikifuata hapo ni mistari sambamba, kisha miviringo, kisha mawimbi, kisha majani. Na jani si kitu ila mistari miwili iliyopinda ikakutana nchani. Aliyeyaweza hayo amekwisha kushika sehemu kubwa ya kila pambo. Yatazameni kwa utulivu mapambo ya milango ya kale ya Lamu na Mombasa, nanyi mtaona jani, duara na mstari unaojirudia. Na kwa wale wenye wasiwasi juu ya kuchora viumbe wenye roho, mazoezi haya hayaligusi jambo hilo.

Kwa kuwa zoezi ni dogo, kosa lake huonekana waziwazi, na aghalabu sababu yake hujulikana. Mama mwenye kuijua sababu hana haja ya kugomba.

Mstari ukiwa na manyoya, yaani umeunganishwa kwa vipande vifupi vifupi, hiyo ni hofu. Binti na aupitishe mkono hewani juu ya zile nukta mbili, mara mbili au tatu, kabla ya penseli kugusa karatasi. Kisha achore mara moja bila ya kusita. Mstari ukipinda kama upinde, kifundo cha mkono kimetulia mahali pamoja na penseli yakizunguka. Mkono mzima na utembee kuanzia begani, au karatasi igeuzwe mpaka mstari uelekee upande ambao mkono huenda kwa urahisi. Mstari ukiyumba karibu na mwisho, yamkini jicho lilikuwa likiifuata ncha ya penseli badala ya kuitazama nukta inayoendewa.

Mviringo usiofungika, au uliobonyea ubavuni, mara nyingi ni wa mwendo wa polepole mno. Auzungushe mara mbili juu ya njia ile ile kwa wepesi. Alama zikihisika kwa kidole nyuma ya ukurasa, penseli imebanwa kwa nguvu. Na palipo na mstari mmoja uliorudiwa mara nne, hapo mtoto anajaribu kulifunika kosa. Huyo aambiwe kwa upole kwamba kosa huachwa lilivyo, na kinachofuata ni mstari mwingine mahali pengine.

Mabingwa wa hati walivyofunza

Adabu ya kusahihisha kazi ya mkono si ngeni katika umma wetu. Mabingwa wa hati za Kiarabu waliishughulikia kwa karne nyingi. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, hutajwa kuwa ndiye aliyeziwekea herufi vipimo. Kipimo chenyewe ni nukta inayoachwa na ncha ya kalamu ya mwanzi: urefu wa alifu, upana wa bei na mzunguko wa nuni hupimwa kwa nukta hizo.

Baadaye, katika mji wa Istanbul, mwanafunzi wa hati alianza kwa dua fupi ya kumuomba Mola awepesishe wala asitie uzito, na akamilishe kwa heri. Aliinakili tena na tena, akaipeleka kwa mwalimu wake. Mwalimu hakuifuta herufi iliyokosewa. Aliandika ile sahihi karibu yake, akaweka nukta kuonyesha palipozidi na palipopungua, akamrudishia mwanafunzi karatasi yake akaandike tena. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na mwisho wake ulikuwa ijaza, idhini ya kutia jina lake chini ya kazi yake. Mwaka 2021, shirika la UNESCO liliiandikisha sanaa ya hati za Kiarabu katika orodha ya turathi za wanadamu.

Pwani yetu nayo ina fungu lake katika habari hii. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono. Hatudhani kwamba yuko aliyeufikia mwandiko ule pasi na kupitia karatasi nyingi za makosa, na pasi na jicho la aliyemtangulia.

Tuzingatie mambo mawili katika njia hiyo. La kwanza, kazi ya mwanafunzi iliachwa iendelee kuonekana, ili aone umbali baina ya alichoandika na kilichotakiwa. La pili, kipimo kilikuwa ni nukta, wala si hasira au furaha ya mwalimu siku ile. Mtoto anayepimwa kwa kipimo kinachoonekana hana haja ya kuogopa uso wa mtu.

Na kubwa kuliko hayo ni mfano wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Hurayra, mtu mmoja aliingia msikitini akaswali kwa haraka. Mtume alimrudisha akaswali tena, mpaka mara tatu, na hakumwambia kwamba ameswali vyema. Mtu yule alipokiri kwamba hajui zaidi ya hapo na akaomba afundishwe, alifundishwa hatua kwa hatua: kusimama, kusoma, kurukuu, kuinuka, kusujudu, na utulivu katika kila moja. Hakudanganywa, wala hakufedheheshwa, wala hakuachwa bila ya kuonyeshwa njia.

Namna ya kusema

Baada ya usiku ule wa harusi tulikaa, sisi wanawake wa nyumba ile, tukapatana juu ya mambo machache. Twayaweka mbele yenu kama tulivyoyajaribu.

Kwanza, kutazama. Karatasi huwekwa mezani penye mwanga, na jicho hupita juu ya kila mstari kabla ya ulimi kutoa neno. Kama hatuna nafasi, twasema hivyo kwa ukweli: "Ningoje, mwanangu, niteremshe chungu." Kungojeshwa hakumuumizi mtoto kama kupuuzwa.

Pili, kumuuliza yeye mwanzo. "Wewe mwenyewe wauona upi kuwa umenyooka zaidi? Na upi uliokusumbua?" Mara nyingi amekwisha kuliona kosa lake, na akilisema mwenyewe halimchomi.

Tatu, kusifu kilicho kweli na kukitaja mahali pake. Badala ya "nzuri sana", twasema, "Mstari huu wa tatu umefika kwenye nukta bila ya kuyumba." Sifa ya namna hii humwonyesha kitu cha kukirudia kesho.

Nne, kutaja kosa moja tu, pamoja na sababu yake na kazi ya kulitibu. "Hii mitano imepinda upande mmoja. Naona kifundo chako kimekaa. Nichoree kumi mingine ukiutembeza mkono mzima, kisha uniletee." Makosa manane yakitajwa kwa pamoja, mtoto hubeba huzuni tu. Lililo kubwa hutangulizwa, na mengine hungoja siku zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Lakini fundi mmoja haanzi nyufa zote kwa siku moja.

Tano, kutochora juu ya mstari wake. Mwenye kutaka kuonyesha na achore pembeni, kama walivyofanya mabingwa wa hati. Mkono wa mkubwa ukishafunika mstari wa mtoto, karatasi si yake tena.

Sita, kutomlinganisha na binamu yake, wala kumsahihisha mbele ya wageni. Mlinganisho wa haki ni baina ya karatasi yake ya leo na ile ya juma lililopita. Ndiyo maana kila karatasi twaiandika tarehe na kuihifadhi. Siku atakapokata tamaa, zile za mwanzo zitamsemesha kuliko sisi.

Wako akina mama watakaosema, "Mimi mwenyewe sijui kuchora, nitamsahihisha vipi?" Jibu letu ni kwamba kipimo chaweza kusema kwa niaba yenu. Uzi uliovutwa baina ya nukta mbili huonyesha mstari ulipotoka njiani. Kikombe kilichofudikizwa huonyesha mviringo ulipobonyea. Rula hupima kama majani mawili yana urefu mmoja. Mtoto apime mwenyewe, nanyi mkae kando yake. Kwa hakika, kule kukaa ndiyo nusu ya mafunzo.

Na kwa wanaojifunza hina, karatasi itangulie, kisha koni juu ya karatasi ya nailoni iliyotandazwa mezani, ambayo hufutika, kisha mkono wake mwenyewe, na mkono wa bibi harusi uje mwisho kabisa. Karatasi iliumbiwa makosa. Kosa tulilolinyamazia kwenye karatasi ya nusu shilingi, tulilikuta kwenye mkono wa mtu katika siku aliyoingojea maisha yake yote.

Binti yetu wa kwanza bado anachora. Alirudi kwenye mistari na nukta, akakaa huko miezi, na sasa hapokei kazi ya mkono mmoja ikiwa mwingine umechorwa na mtu mwingine. Yule wa pili hajarudi. Tumemwomba radhi, naye ametusamehe kwa adabu, lakini penseli hajaishika. Mzaha wetu ulichukua muda mfupi kuliko kunywa fundo la chai, na hatujui utakwisha lini moyoni mwake.

Lakini anaye mdogo wake, mwenye umri wa miaka minane, ambaye tangu juzi amekuwa akiweka nukta mbili mbili kwenye daftari lake. Leo jioni, inshallah, atakuja jikoni na kusema tutazame. Tumeazimia kuzima moto kwanza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuyaona mazuri ya watoto wetu, na ndimi za kuyasahihisha makosa yao bila ya kuwavunja nyoyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.